Farasi Arobaini wa Ikombe

Karakana ya fundi Ambakisye, Kyela mjini, Jumanne.
Tumekuja watano, wafinyanzi kutoka Ikombe,
na chungu kimoja kimefungwa kwenye kitenge
kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Pantoni yetu bado ni maboya mawili ya aluminiamu
yamelala juu ya matairi makuukuu, hayana mgongo.
"Nijibuni mawili tu," anasema fundi.
"Injini ya farasi wangapi, na sakafu ya nini?"

Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona farasi.
Ng'ombe tunawajua. Angeuliza ng'ombe
tungemjibu tukiwa bado mlangoni.

"Kumi na tano," anasema Tulinagwe, mweka hazina.
"Hanywi sana. Na petroli ya Matema huuzwa kwa chupa,
kwa chupa na kwa maneno.
Mitumbwi ya mama zetu ilikuwa na farasi sifuri
na vyungu vilifika sokoni."
Havikufika vyote. Hilo halisemi.

Fundi anapanga vipande vitatu chini:
bati la vidoti, linang'aa, haliozi maisha;
mninga, mwekundu, bei yake inauma meno;
mkaratusi wa Mufindi,
bado unanuka dawa ya mafua.
Anameza mate aanze kutueleza.
Mimi nafungua kitenge.

Nikaweka chungu juu ya bati,
bati juu ya fremu inayobeba injini ya majaribio,
nikamimina maji hadi shingoni.
"Washa."
Akatutazama kama tumeshukia kilabuni kwanza.
Akawasha.

Maji yakapiga duara, duara ndani ya duara,
na chungu kikatoa sauti nyembamba
ambayo kila mfinyanzi huisikia kwenye meno,
ile ya ufa kabla haujaonekana.
Zima. Zima, baba, zima!

Juu ya mninga maji yalikunja uso, yakaukunjua.
Juu ya mkaratusi yalinung'unika
kama mkwe aliyepewa kiti kibovu,
lakini chungu kilinyamaza.
Kati ya kununa na kunung'unika
kuna laki nane. Tulinagwe aliandika.

Ndipo Subilaga,
ambaye tangu tuvuke hajasema hata "nina njaa,"
akasema: "Arobaini."

Hakuwa anatazama chungu.
Tulijua anatazama wapi:
mwaka juzi, mwezi wa saba, mwera umeamka,
kasia mbili, usiku kucha kuitafuta taa ya hospitali ya Matema,
na mkwewe Bupe amelala
katikati ya vyungu
ambavyo hakuna aliyekumbuka kuvishusha.

Bupe alifika.

Tulinagwe akafungua daftari, akalifunga,
akalifungua tena ukurasa uleule.
Farasi arobaini walikuwa wamekula mninga wote,
wamekula na turubai la kivuli,
wanaanza kulamba nauli yetu ya kurudi.
"Basi mkaratusi," akasema kwa sauti ya mtu
anayemwaga unga. "Na juu yake nyasi kavu
na majani ya mgomba, kama kwenye mtumbwi.
Vyungu havijui kama boti ni jipya."

"Nyasi?" fundi akashika kiuno.
"Juu ya boti langu?"

"Nyasi," nikamwambia. "Tandika pande zote mbili.
Katikati pawe wazi,
bila benchi, bila pipa, bila nanga,
Jumamosi ya soko isiwe Jumamosi ya soko.
Pawe wazi urefu wa mtu aliyelala."

"Mtu wa urefu gani?" akauliza,
kalamu yake imeshafika nyuma ya sikio.

Tukatazamana.
Subilaga akavua kandambili,
akazipanga vizuri kando ya pipa la oili,
akalala chali sakafuni, kwenye chembe za chuma,
miguu pamoja, kitenge amekikaza magotini,
na fundi Ambakisye akapiga goti,
akavuta futi.